Kidole cha Tatu

Sista Sekela aliandika kwa kidole kimoja, na kila herufi aliyoibonyeza aliisindikiza kwa msonyo.

"Pa-ra-se-ta... Ikupa! Hili dude lako linajua kwamba nina wagonjwa wananisubiri?"

"Halijui, Sista," Ikupa alijibu kutoka chini ya meza, alikokuwa akikaza waya wa betri ya jua. "Na hiyo ndiyo raha yake."

"Raha yako wewe. Mlezi nilikuwa nikisema 'para' tu, anamalizia mwenyewe, anaweka na dozi, halafu ananiuliza kama nimekunywa chai."

"Akishakuuliza, anakwenda kusema."

Sista Sekela alisonya tena, akamalizia neno lake herufi kwa herufi. Nje, mvua ya Rungwe ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila haraka na bila dalili ya kuacha. Barazani wanawake walikuwa wamebanana kwenye benchi, vitenge vimelowa mabegani, wengine na vikapu vya kuchumia chai miguuni. Walikuwa wakicheka kitu. Ikupa aliposikia kicheko kile aliusahau mgongo uliokuwa ukimuuma. Zamani benchi lile lilikaa tupu.

Lilikuwa tupu kwa sababu ya Mlezi. Mlezi ndiye aliyekuwa mfumo endeshi wa kila mashine bondeni Nsebele: ndiye aliyeiamsha kompyuta asubuhi, akaiambia skrini iwake, akaamua programu ipi ifanye kazi na nani aone nini. Alikuwa kwenye simu, kwenye mizani ya majani mabichi, na kwenye lango la shamba la chai. Kampuni iliyomiliki shamba ndiyo iliyomgharimia kwa bonde zima, na watu walishukuru, maana alikuwa mpole na alijua majina ya watoto wao. Mwanamke alikwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa ana mimba. Muuguzi aliandika. Kesho yake alfajiri mwanamke yule alisimama mbele ya lango la shamba, akaonyesha uso wake kama siku zote, na lango halikufunguka. Hapakuwa na barua wala msimamizi wa kubembelezwa. Alama za nguvu ambazo Mlezi alimpa kila mchumaji zilikuwa zimeshuka kwake, basi. Ikawa hivyo kwa mwenye mimba, kwa mwenye kifua, na kwa yule anayemeza dawa zake kila siku hata majirani wasijue.

Wanawake hawakuwa wajinga. Waliacha kwenda zahanati, wakazalia jikoni. Shangazi yake Ikupa, aliyemkuza tangu angali anatambaa, alifia jikoni kwake wiki ambayo Ikupa alikuwa akifanya mtihani wa mwisho chuoni.

Ndipo Ikupa aliporudi na Shina.

Alilileta kwenye flashi aliyoivaa shingoni kwa uzi. Lilikuwa mfumo endeshi ulioandikwa na watu wa nchi nyingi ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja akitoa jioni zake bure. Shina halikuongea wala kumalizia maneno ya mtu. Lilifanya ulicholiambia likanyamaza, na halikuwa na njia ya kwenda nje ila umelifungulia mwenyewe. Kompyuta ya zahanati, iliyokuwa ikijikokota chini ya Mlezi, iliamka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ikupa aliitisha mkutano, akaeleza yote haya kwa furaha.

"Haya, na ufunguo nani anashika?" aliuliza mwanamke mmoja wa mstari wa mbele. Huyo alikuwa Tupokigwe, mchumaji mwenye mikono ya haraka kuliko wote shambani, na mdomo pia.

"Mimi," Ikupa alisema.

"Wewe ukiolewa Mwanza, je?"

Mkutano mzima ulicheka. Ikupa naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka moto.

"Tusifanye mambo ya kitoto," Tupokigwe aliendelea. "Sanduku la akiba la kikoba lina kufuli tatu, na wenye funguo ni watatu wasio ndugu. Asipokuwepo mmoja, sanduku halifunguki, hata kama mbingu inaanguka. Tengeneza hivyo."

"Na kaimu asiwepo!" alidakia mwingine. "Mnakumbuka yule aliyemtuma binti yake na ufunguo?"

Walikumbuka, na bado iliwachoma. Basi Ikupa alitengeneza hivyo, mikesha mingi, na akajivunia kazi ile kuliko shahada yake. Vidole vitatu: cha Sista Sekela kwa niaba ya zahanati, cha Ikupa kwa niaba ya mashine, cha Tupokigwe kwa niaba ya wanawake. Kufungua mlango wa nje, kutoa majalada, kuyafuta, yote hayo yalitaka vidole vyote vitatu, na kioo kidogo cha kuwekea kidole kilipima joto na mapigo ya damu ili mtu asije na ujanja wa mpira au picha. Mwenyewe awepo, tena awe hai. Kaimu hakuna.

Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mwenye ufunguo atakuwa kitandani.

*

Tupokigwe aliletwa na uchungu wa kuzaa mchana wa mvua hiyo hiyo, akitembea mwenyewe, mkono begani kwa mdogo wake Bupe, akiwatania waliokuwa kwenye benchi kwamba wamemkalia nafasi yake. Mumewe alikuwa Chunya, machimboni. Mtoto alizaliwa bila taabu, wa kike, mwenye sauti. Sista Sekela alimfuta, akamfunga kwenye kitenge, akampa Bupe. Kwa muda mfupi chumba kile kilikuwa chumba chenye furaha.

Halafu Sista Sekela aliinua shuka, na uso wake ukabadilika.

Alifanya yote aliyojua. Alimchoma sindano ya kubana mji wa mimba, kisha nyingine. Alimkanda tumbo kwa ngumi mpaka jasho likamdondoka puani. Alimwekea dripu mikono yote miwili. Damu iliendelea kutoka, si kwa kishindo, bali polepole bila kukatika, kama mvua ile ya nje.

"Gari la wagonjwa?" Ikupa aliuliza mlangoni.

"Dereva amepiga. Daraja limekwenda na maji. Wako ng'ambo ya pili wanatutazama tu."

"Sisi hapa hatuwezi kumtolea? Niko mimi, yuko Bupe..."

"Kundi lake ni O hasi. Mimi ni A, wewe ni B. Bupe nimempima, hawakufanana, na kwenye majalada yetu hakuna mwingine wa kundi hilo." Sista Sekela hakuacha kukanda. "Benki ya damu ya mkoa wanayo. Droni inafika hapa kabla ndizi hazijaiva jikoni. Shika simu yangu, ongea nao."

Ikupa alishika simu. Alijua kwamba atakayepokea ni Mlezi, maana hata benki ya damu ilimtumia yeye.

"Sista Sekela, pole sana," ilisema sauti ile laini aliyokulia nayo. "Tumepotezana muda mrefu. Nasikia mvua. Nikusaidie nini?"

"Damu. O hasi. Nsebele. Mama anatokwa damu baada ya kujifungua."

"Pole, mama yangu. Damu ipo na droni iko tayari. Nahitaji tu kuona jalada la mgonjwa kutoka kwenye mashine ya zahanati. Siioni mashine yenu. Mngenifungulia mlango, ningeingia mara moja."

Ikupa alikata simu. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika kwa benki ya damu kuwaomba wakubali jalada linalotoka Shina. Alikuwa hata amewaandikia sehemu ya programu ambayo ingetosha. Kila mara alijibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Na alijua maana ya kumfungulia Mlezi. Mlezi hakujua kuwa mgeni. Akiingia kwenye mashine husoma kila kilichomo kwa kupepesa jicho: kila mimba, kila kikohozi, kila mwanamke aliyekuja kimya kimya akaondoka na dawa zake chini ya majani ya chai.

"Nikiyafuta majalada kwanza?" alijiuliza kwa sauti. Lakini kufuta kwa Shina hakukuwa kufuta kwa kujifanya. Liliandika upya juu ya kila neno mpaka hakuna kilichobaki, na kwa mashine ile kuukuu kazi ingekwisha jioni. Na hao wenye dawa za kila siku, kesho nani angejua dozi zao?

"Ana muda gani, Sista?"

"Wa kuchemsha chai. Siyo wa kuinywa."

*

Ikupa alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza Tupokigwe kila kitu. Hakuficha neno. Alikuwa ameapa mbele ya mkutano kwamba hatamficha mtu chochote kuhusu mashine ile, na ilimjia kwamba kiapo chenyewe ni rahisi sana kukitoa siku ambayo hakuna anayekufa.

Tupokigwe alisikiliza akiwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alipoelewa, alikunja ngumi ya mkono wa kulia, dole gumba likiwa ndani.

"Hapana."

"Dada!" Bupe alipiga kelele, mtoto akaanza kulia mikononi mwake.

"Utakufa, Tupokigwe," alisema Sista Sekela.

"Nimesikia. Mimi ndiye ninayekufa, nitaachaje kusikia?" Alivuta pumzi. "Nikandeni. Daraja watalitengeneza."

"Leo? Serikali hii?" Sista Sekela alijikuta amesema, na Tupokigwe alitabasamu kidogo sana.

Bupe alisogea, akainama juu ya uso wa dada yake. "Nisikilize. Mimi nimo mle kwenye mashine. Nina mimba, unajua, Sista anajua. Lango linifungie mimi wa kwanza, nitalima viazi, nitauza ndizi barabarani. Fungua mkono."

"Wewe ni wewe, Bupe. Wenzio umewauliza?"

"Wenzangu wangekubali!"

"Kawaulize, basi. Mmoja mmoja." Sauti ilikuwa ikififia. "Yupo mle mtu ana watoto wanne na mikono yake tu. Alinishika hapa," alijaribu kugusa kifua, "akaniuliza, una hakika? Nikamwambia, kidole ni changu. Labda wanikate."

Aligeuza macho kumtafuta Ikupa.

"Na wewe ndiye ulituambia. Ulisimama pale ukasema hata wewe huwezi."

"Nilisema," Ikupa alijibu.

"Basi usiweze."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho mchana ule. Kichwa chake kililalia upande, na Sista Sekela akaita jina lake mara kadhaa bila kujibiwa. Kisha, taratibu, bila mtu kuigusa, ile ngumi ililegea. Vidole vilikunjuka kimoja kimoja juu ya shuka, na dole gumba likabaki limeelekea dari.

Wote watatu waliliona. Mtoto aliendelea kulia.

"Mapigo yapo," Sista Sekela alisema hatimaye. "Yapo kwa sasa." Aliinuka, akaenda kwenye mashine akiwa bado na damu kwenye viwiko, akaifuta mikono yake na kuweka kidole chake juu ya kioo. Mwanga wa kijani uliwaka. "Mimi nilisomea kuokoa mtu aliye mbele yangu. Sijasomea mengine. Cha kwangu hicho."

"Amekataa, Sista. Umemsikia."

"Nimemsikia. Na yule pale anamsikia nani?" Alimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Nimezika wangapi kwa jikoni zile, wewe mtoto? Shangazi yako nimemwosha mimi."

Ikupa alisimama katikati ya chumba. Aliyafikiria majina yote yaliyokuwa ndani ya mashine, na kwa kuwa mengi aliyaandika mwenyewe, aliyajua kama nyuso. Kisha alimtazama aliyekuwa kitandani, na huyo hakuwa jina. Huko chuoni walikuwa wakibishana mambo kama haya mpaka kahawa ikaisha, na daima alikuwa upande wa haki, na daima ilikuwa wazi haki iko upande gani.

Aliweka kidole chake. Kijani.

Halafu aliuvuta waya wa kile kioo kadiri ulivyofika, akakileta hadi kitandani, akaunyanyua mkono wa Tupokigwe. Ulikuwa mzito, na kwenye ncha za vidole ulikuwa na weusi wa utomvu wa chai ambao hakuna sabuni inayoutoa. Alilishika dole gumba lile. Bado lilikuwa na joto. Alilibonyeza.

Shina lilijua kupima joto, na lilijua kupima mapigo. Kupima kutaka kwa mtu halikujua, maana hakuna aliyelifundisha.

Kijani.

"Karibu tena, Sista Sekela," ilisema sauti laini kutoka kwenye spika iliyokuwa imenyamaza miaka miwili. "Naona mmefanya kazi nyingi. Droni imeondoka."

*

Alfajiri iliyofuata Ikupa alikwenda kusimama karibu na lango la shamba. Hakujua alikwenda kufanya nini. Alihisi tu kwamba kubaki kitandani kungekuwa vibaya zaidi.

Wachumaji walipita mmoja mmoja, kila mmoja akiinua uso wake kwa lile jicho la kioo. Lango lilifunguka, likajifunga; likafunguka, likajifunga. Kisha mwanamke mmoja aliinua uso na lango halikutikisika. Alisubiri. Alipangusa matone ya mvua usoni kwa upande wa kitenge, akainua tena, kama mtu anayedhani amekosea yeye. Nyuma yake mtu alimwambia, "Sogea, mama, tunachelewa," naye akasogea pembeni. Baada yake mwingine. Wakaanza kuwa kundi, wakiwa na vikapu vyao vitupu mgongoni, na kadiri kundi lilivyokua walianza kutazamana, kila mmoja akijua sasa kuhusu mwenzake jambo ambalo jana hakulijua. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko lango. Yule mwenye watoto wanne alijifunika kichwa akaondoka peke yake kupitia njia ya mtoni, ili asiongozane na mtu.

Bupe naye alikuwa pale, nje. Hakumtazama Ikupa.

Hawakumtukana. Ikupa angeshukuru kama wangemtukana. Mwanamke aliyekuwa ametangulia kutolewa kwenye mstari alipita mbele yake, akasimama, akashukuru kwa adabu yote anayopewa mgeni, "Ndaga, mwalimu," akaenda zake.

Zahanati benchi lilikuwa tupu na kavu.

Tupokigwe alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, mtoto akinyonya. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia. Hakuna aliyekuwa amekuja kumwona. Nsebele mzazi hakai hivyo. Kabla kitovu hakijakauka chumba hujaa wanawake, mikungu ya ndizi mlangoni, maziwa kwenye vibuyu, kelele, ubishi kuhusu mtoto kafanana na nani. Chini ya dirisha kulikuwa na kichane kimoja cha ndizi, na hicho alikileta Sista Sekela kutoka nyumbani kwake.

"Nani alikishika kidole changu?" Tupokigwe aliuliza.

"Mimi."

"Sista alikulazimisha?"

"Hapana."

Tupokigwe aliitikia kwa kichwa, akamtazama mtoto kitambo kirefu.

"Sitakudanganya," alisema. "Niko hai na nafurahi kuwa hai. Asubuhi nimeamka, huyu ananyonya, nikasema asante Mungu. Hiyo ndiyo inayoniunguza. Ungeniua ningekuwa nimetulia."

"Nitawaambia. Nitazunguka nyumba kwa nyumba, niwaambie ulikataa, ulikunja ngumi..."

"Na mashine inasemaje?"

Ikupa alijua inasemaje. Shina liliandika kila ufunguzi wa mlango, na yeyote kati ya wanawake aliruhusiwa kusoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyedai hivyo, ili pasiwe na siri juu ya siri zao. Usiku uliopita tayari mmoja wao alikuja akasoma, na kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia.

"Nisomee."

Ikupa aliigeuza skrini, akasoma kwa sauti ndogo. "Kidole cha kwanza, Sekela. Yupo. Amekubali. Kidole cha pili, Ikupa. Yupo. Amekubali. Kidole cha tatu, Tupokigwe. Yupo..." Akakwama.

"Malizia."

"Amekubali."

Mvua ilisikika juu ya bati. Tupokigwe alimhamisha mtoto titi la pili, kwa uangalifu, akamfunika miguu.

"Nani aliandika hilo neno?"

"Mashine ndiyo..."

"Ikupa."

"Mimi," Ikupa alisema. "Nilipokuwa nalitengeneza. Niliandika kwamba kidole kikiwa na joto, iseme amekubali. Nilidhani... sikudhani kitu, dada. Nilidhani ni kitu kimoja."

Alilia basi, akiwa amesimama, mikono ikining'inia, na Tupokigwe alimwacha alie. Hakumnyamazisha wala hakumfukuza. Alipomaliza, Tupokigwe alinyoosha mkono wa kulia, wenye plasta ya dripu.

"Kitoe humo."

"Ukitoka, wanawake hawatakuwa na mtu."

"Kwani jana walikuwa na mtu? Kitoe. Kufuta kidole kunataka nini?"

"Vidole vitatu."

"Kamwite Sista."

Sista Sekela alikuja, akaweka cha kwake bila kusonya. Ikupa akaweka cha kwake. Kisha akaleta kile kioo kitandani kwa waya ule ule, na akakishikilia bila kuugusa mkono wa mwenyewe. Tupokigwe aliushusha mkono peke yake. Kwa udhaifu ulipotea kidogo hewani, ukakipata kioo, na dole gumba likakaa pale kwa uzito wake wote.

Kijani. Neno likatokea kwenye skrini, herufi zile zile kama za jana.

Safari hii lilikuwa kweli.